Kura ya Maharage

Juzi binti yangu alinikuta napepeta mchele hapa Goma, akanisogezea simu. "Mama, kati ya hii michezo ya kurukaruka, njo gani ulipendaka sana?" Ni swali la mtoto tu, ndugu yangu, lakini niliendelea kupepeta mpaka akachoka kunisubiri, akaenda zake.

Maana niliwahi kuulizwa. Ilikuwa kijijini kwetu Nyamitaba, nikiwa na miaka tisa hivi. Asubuhi mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa tukishuka na bidoni, dumu letu la maziwa, umande ukitulowesha mpaka magotini, tukampelekea mwenye duka. Alikuwa mtu wa Butembo, rozari haimtoki mfukoni. Siku ya soko aliwasha jenereta, akaweka televisheni na mashine ya michezo ya video juu ya magunia, nasi watoto tukacheza kwa zamu huku duka lote likinuka mazutu ya jenereta na samaki wa chumvi.

Alikuwa na diski mbili, kila moja sehemu ya kwanza ya mfululizo wake. Mchezo mmoja ulikuwa wa mbuzi mwenye pembe za dhahabu, akiruka juu ya mawingu. Huo ulichezwa na mtu mmoja. Wa pili ulikuwa wa mapacha waliofungwa kamba kiunoni. Huo ulichezwa na wawili, na picha zake zilikuwa mbaya kweli. Siku moja mwenye duka alitangaza kwamba anakwenda kufuata bidhaa. "Nitaleta sehemu zenye kubakia, lakini za muchezo moya tu. Muchague."

Wiki nzima tulibishana, mpaka ng'ombe wakaingia shamba la watu tukachapwa. Dada aliwataka mapacha. Aliwapigia kampeni kwa usemi wa bibi yetu: ng'ombe si pembe, ng'ombe ni maziwa. Mimi nilimwitikia kwa sauti kuliko wote, lakini moyoni nilikuwa nimechoka. Kwa mapacha, dada ndiye aliyeruka; mimi nilining'inia kwenye kamba nikivutwa, na wenzetu wakinicheka. Nilitaka mbuzi wangu, niruke mwenyewe, hata nikianguka.

Mwenye duka alitupigisha kura ya siri ndani ya bidoni tupu: harage jeupe kwa mbuzi, jekundu kwa mapacha. Alipoyamwaga mezani, meupe yalizidi kwa moja. Dada akamgeukia mtoto wa jirani, mmoja wa waliomwahidi mapacha. "Weye njo umetugeuka!" Mtoto wa jirani alilia, akaapa kwa Mungu, hakuna aliyemsikiliza. Nami niliyaokota maharage, jeupe langu likiwa kati yao, nikayarudisha ndani ya bidoni.

Sehemu za mbuzi zililetwa. Nilizicheza zote, na leo sikumbuki vizuri hata moja. Dada alikaa nyuma na bidoni yetu, hakuomba zamu.

Kisha vita vilipanda kilima chetu. Tukakimbilia kambini Kashuga. Ng'ombe walikwenda na wenye bunduki. Dada aliolewa Walikale, na mtu aliyebeba mawe ya madini huko Bisie. Alipougua sana nilimfuata, siku mbili juu ya pikipiki katika matope, maneno yangu nimeshayapanga. Najua, ni jambo la kitoto. Lakini nilitaka ajue.

Nilimkuta amekonda, macho ni yale yale. Kabla sijafungua kinywa, alianza yeye mwenyewe kunikumbusha ya Nyamitaba, akacheka mpaka akakohoa. "Ule mutoto wa jirani! Bila yeye tungechezaka pamoja mpaka mwisho. Mimi hata sikuipendaka ile muchezo. Niliitaka juu yako, ili tusiachane."

Leo pale dukani pameota majani, wanasema. Mwenye duka alirudi kwao, mtoto wa jirani sijui yuko wapi, na dada tulimzika Walikale, mbali na malisho yetu. Alikufa akimlaumu mtoto asiye na kosa. Mimi siku ile alipocheka nilimfuta jasho, nikamwambia, "Ni kweli, dada, alitugeuka."