Mti Nilioupita Bila Kuupaka Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa njia alinikataza kushika msumeno. Alinitembeza kutwa nzima msituni, kando ya mto Mississippi upande wa Saint Paul, kwenye njia ya waenda kwa miguu ambayo ningeitunza kwa miaka kumi na minne.

"Leo unatembea tu," alisema. "Na unatazama juu. Hapa hatari inatoka juu."

Miti mingi ya pale ilikuwa ile inayoitwa ash, nayo ilikuwa inakufa. Mdudu mdogo wa kijani huila chini ya gamba, ikakauka ikiwa imesimama. Tulijifunza kuitambua: gamba limepasuka, ndege wamelidonoa, matawi ya juu hayana majani. Mti wa namna hiyo tuliupaka alama ya rangi ya machungwa, na wakata miti walitufuata nyuma.

Mwenzangu alikuwa Byamungu, mtu wa Uvira, Kongo, kama mimi. Tulisali kanisa moja kule Roseville.

Novemba moja tulipita njia yote tukinyeshewa mvua ya baridi. Penye kona ya mto niliuona mti mkubwa, gamba limepasuka, matawi yametanda juu ya njia. Kulifikia shina lake ilibidi kushuka kwenye tope la magotini. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikasema moyoni, kesho. Kesho yake theluji ikaanguka, na keshokutwa pia, nami nikausahau.

Wiki iliyofuata Byamungu alikuwa akiondoa theluji chini ya mti ule tawi lilipokatika. Lilimvunja uti wa mgongo.

"Ulikuwa umeuona mti ule?" msimamizi aliniuliza.

"Hapana, bosi."

Akaandika jibu langu. Sikuulizwa tena.

Vijana wanaoanza kazi hii huniomba ushauri. Nawaambia: mti mbovu ukiuona, upake siku hiyohiyo, hata kama umelowa chepechepe. Sikuwahi kuwaeleza kwa nini.

Juma nililostaafu nilikwenda Oakdale, nyumbani kwa Byamungu. Nilimkuta dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu. Nikamweleza yote bila kumtazama usoni.

Akageuza kiti chake, akanielekea.

"Ndugu yangu," akasema, "hata mimi niliuona. Nilikuona ukiutazama, nikadhani wewe ndiye utakayeshuka."

Binti yake akatuletea chai. Alipoziona nyuso zetu, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu amefariki.