Ignac na Wezi Wekundu wa Msituni

Ignac Zupanc alistaafu kazi ya kusambaza barua akiwa na adui mmoja tu duniani: sisimizi wekundu wa Pokljuka, msitu wa milimani alikoishi. Walipanda kwenye mizinga yake ya nyuki, wakaiba asali, na siku moja walimuuma mbele ya padri. Kwa hiyo theluji ilipoyeyuka alichukua reki na ndoo za maji ya moto, akafutilia mbali kila kichuguu chini ya misprusi, miti mirefu yenye majani kama sindano, aliyoachiwa na baba yake. Msitu ukawa safi kama sebule ya wageni.

Binti yake, Neža, alikuwa anaolewa Septemba, na Ignac alikuwa ameahidi kila mgeni chupa ya asali nyeusi ya misprusi. Hakuahidi kingine, maana kupika hajui na kucheza dansi hataki.

Julai ikafika. Nyuki wake walitoka, wakarudi matumbo matupu. Ng'ambo ya uzio, kwa mjane Cilka, ambaye msitu wake haukuwahi kuonja reki, matawi yalinata kwa utamu.

"Unaipa nini hiyo miti yako?" Ignac aliuliza.

"Mimi? Nina muda huo? Wahudumu hao hapo." Cilka alionyesha sisimizi wakishuka shinani, matumbo yamewavimba. "Vidukari, vile vidudu vya matawini, wananyonya utomvu wa mti, wanatoa maji matamu huko nyuma. Sisimizi wanakunywa, na wao wanawafukuza wadudu wanaokula vidukari. Yanayobaki nyuki wanayachukua, ndiyo asali yako, Bwana Usafi."

"Nimefuga nyuki miaka thelathini. Vidukari nawajua."

"Na walinzi wao je?"

"Hao niliwaona wezi tu."

Cilka alicheka mpaka akashika uzio.

"Neža anaolewa, Cilka," Ignac akasema, sauti imeshuka. "Nipe nafasi ya mizinga kumi."

"Ungeomba kwa ajili yako ningekunyima. Weka pale." Pale palikuwa ubavuni mwa kichuguu kilichomfika Ignac kiunoni.

Alfajiri, nyuki wakiwa bado wamelala, aliihamisha mizinga. Alipobeba mzinga wa mwisho, sisimizi walishampanda ndani ya suruali hadi magotini. Cilka alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa.

"Wanakuuma, jirani?"

"Hata kidogo."

"Basi wapishe taratibu, usije ukamkanyaga mtu."

Ignac akauma meno, akainua mguu, akachungulia chini ya mzinga, akitafuta pa kuuweka pasipo na mwenyeji.