Ushuhuda wa Edmonde

Katika kiwanda cha kaa, pwani ya Waakadia, wazawa wa Wafaransa, kule New Brunswick, Kanada, neno la Edmonde Savoie lilitosha. Yeye ndiye aliyemkabili msimamizi wanawake walipokatwa malipo ya saa za ziada, na yeye ndiye aliyepatanisha waliogombana. Mjane, mcheshi, sauti yake ikisikika kuliko mashine.

Majira ya baridi, kiwanda kimefungwa na watu wakiishi kwa posho ya serikali, binamu yake Rhéal wa Edmonton alimwandikia mtandaoni. Alianza na salamu na utani wa zamani, kisha akataja kampuni alikoweka akiba yake, nayo ilikuwa ikizaa. Edmonde akaweka kidogo, kuonja. Haukupita muda faida ikaingia benki, pesa halisi, akanunulia gari matairi. Mshauri wa kampuni, bwana mwenye maneno laini, akaomba video fupi ya shukrani. Edmonde akairekodi jikoni, aproni kiunoni, sufuria ya fricot, mchuzi wa kuku na viazi, ikitokota nyuma yake.

"Mimi ni Edmonde, navunja kaa kiwandani. Nilikuwa na wasiwasi kama ninyi. Nimelipwa. Msiogope."

Zélica, mjane wa kaka yake, aliiona, akaja mbio.

"Wifi, hiki kitu ni cha kweli?"

"Rhéal yumo. Na mimi nimelipwa."

"Maana nilizonazo ni pesa za mashua ya kaka yako niliyoiuza. Sina nyingine."

"Sasa mimi nikudanganye wewe?"

"Ukinidanganya wewe, nimwamini nani tena, paka?"

Wakacheka, wakanywa chai, na kesho yake Zélica akaweka zote.

Kila asubuhi pesa zilionekana zikivimba kwenye simu ya Zélica. Alipotaka kuzitoa atengeneze paa, mshauri akasema alipe kodi kwanza. Akakopa, akalipa. Ikazuka ada nyingine. Hapo ndipo Edmonde alipompigia Rhéal, aisikie sauti yake.

"Kampuni gani hiyo?" Rhéal aliuliza.

"Si wewe uliyeniandikia?"

"Akaunti yangu iliibwa kabla ya Krismasi, Edmonde, na maongezi yetu yote ya zamani ndani yake. Sijakuandikia chochote. Si ungenipigia tu? Namba yangu ni ileile."

Edmonde angempigia siku ile ya kwanza, yasingetokea haya. Lakini utani ulikuwa wa kwao, na jina lilikuwa la Rhéal. Mtu hampigii binamu yake kumuuliza kama ni yeye.

Polisi aliandika maelezo kwa upole, akasema pesa zimeshavuka mipaka. Benki wakasema mama Zélica alizituma kwa mkono wake. Edmonde akaenda kwa wifi yake, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Sikukuibia, wifi."

"Najua hukuniibia," Zélica alisema. "Ungeniibia ningekuchukia, nikapumzika. Sasa sijui nikufanye nini." Akafunga mlango taratibu.

Yangeishia hapo, pengine angeyabeba. Lakini Edmonde alikuwa amempa mshauri namba ya siri iliyoingia kwenye simu yake, akidhani ni ya kumthibitisha, na kwa namba hiyo wezi wakaichukua akaunti yake ya mtandaoni pia. Ile video ikaanza kutembea kwa jina lake. Aliwalalamikia wenye mtandao. Likaja jibu kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Akalalamika tena na tena, jibu likawa lilelile.

Ndipo akaanza kuwatafuta mwenyewe walioiandikia maoni ile video. Alimpata kwa simu mzee mmoja wa Manitoba.

"Bwana, mimi ndiye mwanamke wa kwenye video. Nakuomba usitume pesa."

"Mwanamke huyo tumeandikiana leo asubuhi," alijibu mzee. "Wewe nani?"

"Ndiye mimi. Sikiliza sauti yangu."

"Wezi siku hizi mnaiga hata sauti. Hamna haya." Akakata simu.

Alipopiga tena, namba yake ilikuwa imezuiwa. Wengine walimtukana kwa sababu walikuwa wameshaliwa, na kwao mwizi alikuwa na uso mmoja tu, wa kwake. Hakubishana nao. Uso ulikuwa wake, na maneno ni yake, aliyasema mwenyewe bila kushurutishwa.

Barafu ilipovunjika baharini kiwanda kikafunguliwa. Zélica, aliyezoea kuvunja kaa meza moja naye, aliomba kuhamishiwa chumba cha baridi. Mahali pake mezani alisimama mfanyakazi mpya, mwanamke kutoka kijiji cha jirani aitwaye Mélindé. Alimtazama Edmonde, akaangalia kaa wake, akamtazama tena.

"Mama, mimi nakujua. Si wewe wa ile video? Mume wangu anaipenda kweli. Anasema mtu akiongea hivyo, hadanganyi."

Mikono ya Edmonde ilisimama. "Ameshatuma?"

"Jana. Akiba yetu yote." Mélindé alitabasamu. "Kwa nini, mama?"

Edmonde akavua glavu, akamshika mkono, akamtoa nje. Waliobaki mezani waliona kupitia dirisha tabasamu la yule mwanamke likififia, kisha akimsukuma Edmonde kifuani kwa mikono miwili. Edmonde hakurudi nyuma wala hakuinua mkono. Alisimama tu, na mwanamke akazidi kumsukuma.