Gurudumu la Upande wa Kulia

Karakana yetu ya Jeppestown, ugenini huku kusini mwa Afrika, inaunda trela, zile zinazovutwa na teksi za safari ndefu, yaani mabasi madogo. Fremu inaanzia kwa wachomeleaji, inasukumwa juu ya reli kutoka mtu hadi mtu, na kila mtu ana kazi yake moja tu. Yangu ilikuwa gurudumu la kushoto. La kulia lilikuwa la Mkongo mmoja wa Lubumbashi, mdogo kwangu kwa umri. Mle ndani tuliokuwa tunajua Kiswahili ni sisi wawili.

Sijui kama niseme tulikuwa marafiki. Fremu ilikuwa katikati yetu, na kelele za kusaga chuma haziruhusu maneno mengi. Lakini trela haisukumwi mpaka wote wawili tumalize, kwa hiyo nikichelewa ananisubiri, akichelewa namsubiri. Asubuhi ananiuliza nimeamkaje, namjibu salama. Siku nyingine Kiswahili changu cha siku nzima ni hicho tu, maana kule Yeoville chumbani naishi peke yangu. Mimi nilihesabu kuwa ni urafiki.

Mwaka huu tajiri akanunua mashine ya upepo ya kufungia nati. Simlaumu, hakumfukuza mtu. Msimamizi alitueleza vizuri tu kwamba sasa mmoja anatosha kwa magurudumu yote mawili, mwingine ahamie kwenye rangi, mshahara ni ule ule, tuamue wenyewe.

Nilitaka kusema tumwombe atuhamishe wote wawili, tusitengane. Nikawa bado natafuta pa kuanzia, kama kawaida yangu, mwenzangu akaniwahi.

"Yaya, weye bakia. Miye nitaenda ku rangi."

Yaya kwao ni kaka mkubwa. Nikamuuliza, kwani ile harufu ya rangi haitamsumbua?

"Itanisumbua. Lakini kule kuko bantu ya kucheka nabo. Hapa tuko babili, na weye hausemi kitu."

Alisema huku anacheka, mkono wake begani kwangu. Hakuwa na ubaya, na alichosema ni kweli. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba upande wa pili wa ile fremu naye alikuwa peke yake, tena mbele yangu.

Jumatatu akahama. Mchana akaniita nikale na wapaka rangi, akawaambia kwa Kizulu chake cha kuokoteza kwamba mimi ni kaka yake. Wakanisogezea nafasi. Wakazungumza, wakacheka, naye akacheka kuliko nilivyowahi kumwona. Mimi nilikula.

Kesho yake akaniita tena, nikaenda. Safari hii nilijikaza, nikasema kwa Kiingereza kwamba ugali wa leo mgumu, ungefaa kuzibia tundu la trela. Wakacheka kidogo. Labda ilikuwa adabu tu. Mwenzangu alikuwa amegeukia upande mwingine anaongea na mtu, sidhani kama alisikia.