Kichupa cha protini ya tezi dume, na baba yangu wa Sapiwi

Mwangaluka wakuu.

Hili sijalisimulia popote. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naleta kama lilivyotokea.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba, Sapiwi huko Bariadi. Miaka ile soko huria ndio limeingia, malori ya wanunuzi binafsi yanapishana kijijini. Mzee anakaa juu ya furushi lake, anacheka wanavyowagombania wakulima.

Kile kicheko natamani nikisikie hata leo.

Kisha mkojo ukaanza kumsumbua. Anasimama nyuma ya zizi mpaka ng'ombe wanamzoea (msicheke wakuu). Mama akamsihi aende hospitali.

"Siendi. Nasikia wanakuvua suruali, wanaingiza kidole. Mtoto wa kumzaa anivue mimi?"

Tulipomfikisha Mwanza, saratani ya tezi dume ilishaingia kwenye mifupa ya mgongo. Pamba ya msimu ule tulivuna bila yeye.

Miaka ikapita, nikapata kazi kwenye maabara ya utafiti. Siku moja ikaletwa protini kutoka ng'ambo, recombinant PSA.

Kwa lugha rahisi: PSA hutoka kwenye tezi dume. Ikizidi kwenye damu, huenda kuna tatizo. Hii yetu haikutoka kwa mtu, ilitengenezwa na bakteria waliopandikizwa kinasaba cha binadamu. Sio dawa. Tunaitumia kwenye research, kuona kama kipimo kinasoma sawasawa.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea. Nikamwombea ruhusa aingie, nikamwonyesha kichupa.

Akakitazama weee.

"Mbona kitupu?"

"Imo, mayu. Ni kidogo mno, macho hayaioni."

"Na ndiyo iliyokuwa kwa baba yako?"

"Inayofanana nayo."

Nilijua ataulizia dawa. Wapi!

"Hicho kipimo, mnamvua mtu suruali?"

"Hapana mayu. Inachukuliwa damu ya mkononi tu."

Akavuta ncha ya kitenge, akafuta macho.

"Basi baba yako angekubali."

Wakuu, nilirudisha kichupa kwenye friji nikabaki nimeushika mlango wake, baridi inanipiga usoni. Sijui hata kama kipimo hicho kilikuwa kimefika kwetu enzi zile. Sikumwambia. Nilimwacha aamini hivyo, maana na mimi nilitaka kuamini.

Nilichojifunza: mzee akigoma, mwelezeni mapema atafanyiwa nini. Damu peke yake haimalizi, daktari anaweza kuhitaji vipimo vingine, ila ni pa kuanzia ambapo heshima yake haiguswi.

Mimi wa kwangu naongea naye moyoni tu, hajibu.

Ninyi ambao mkipiga simu nyumbani baba anapokea, mliyaanzaje mazungumzo haya? Nawasoma.