Bokilo Habebwi ku Mugongo

Siku ya kwanza nilifika ku bichi ya Kasenyi, pale maboti ya ziwa yanafikia, na viatu. Kapita wa bichi, yaani musimamizi wa kazi, muzee mufupi mwenye sauti ya muhubiri, aliniangalia toka chini mupaka juu. Akaniuliza, "Weye unakuja kufunga maboti ao unakuja ku ndoa?" Watu wakacheka. Nikavua viatu, nikaviweka juu ya pipa, nikaingia mu maji. Jioni viatu havikuwapo tena. Kapita akaniambia nisivitafute, juu kazi yenyewe haihitaji viatu, na mwizi pengine alikuwa na ndoa kweli.

Ninyi vijana wa Bunia mnateremukaka Kasenyi kununua samaki, mnaona boti inafika, watu wanashuka, basi. Mnadhani inajifunga yenyewe. Siye tuliozeeka mu ile kazi tunajua. Wakati wetu hakukuwa gati, yaani ule ukuta wa simenti ambapo boti inakuja kuegemea. Tulikuwa na muchanga tu. Boti kubwa ya mbao yenye kutoka ngambo ya Uganda na watu, magunia na mbuzi haikuweza kukaribia. Tumbo yake iligusa chini wakati maji yangali kiunoni.

Basi tulifanyaka hivi. Nahodha anaangusha nanga ya mukila, ile ya nyuma, akiwa bado mbali. Halafu anakuja polepole, kichwa mbele, na mutu wake anaachilia kamba ya nanga kidogo kidogo. Wakikaribia, wanatupa kamba mbili za kichwa, moja kuume, moja kushoto, na siye tunazifunga ku nguzo zilizopigwa mu muchanga. Nanga inavuta nyuma, kamba zinavuta mbele, boti inatulia katikati. Ukikaza sana, inakwama. Ukilegeza sana, upepo unaigeuza ubavu na mawimbi yanaingia ndani. Kuisema ni rahisi, ila mikono yangu ilichubuka mara mingi kabla sijaijua.

Na amri wakati ule zilikuwa za Kifaransa. "Atashe" ni funga. "Lashe" ni achilia. Sasa weka motere inanguruma, weka upepo, weka na bamama wa samaki wanagombana bei, utasikia nini? Utasikia "ashe" tu. Siku moja nahodha alipiga kelele "atashe", mwenzangu akasikia "lashe", akaachilia kamba kwa moyo wote. Boti ikageuka ubavu. Mbuzi wakaruka mu maji, na mama mumoja akaelea mupaka muchangani juu ya godoro yake bila kupenda. Asante Mungu, hakuna mutu aliumia. Kapita akatukusanya.

"Kuanzia leo Kifaransa inabakia ku biro ya wakubwa," akasema. "Hapa ku maji ni 'funga' na 'legeza'. Mutu mwenye anachanganya funga na legeza, ule aende kwa dokta wa masikio, asikuje kwangu."

Mupaka leo Kasenyi wanasema funga na legeza. Vijana wanadhani ilikuwa vile toka zamani.

Boti ikisha kufungwa, ilibakia kushusha watu, na hapo ndipo kazi ilikuwa na maneno mengi. Wabebaji waliingia mu maji, abiria akapanda ku mugongo, akapelekwa ku muchanga mukavu. Mwalimu, padri, mufanyabiashara na koti yake, wote walifika Kongo juu ya mugongo ya mutu. Lakini kulikuwa sheria moja yenye haikuandikwa. Kwetu mwanaume hagusi mama mukwe wake. Hamuangalii machoni, hali chakula mbele yake, na akimuona ku njia anapita pembeni. Sasa utamubeba namna gani? Kwa hiyo mubebaji akikuta mama ya bibi yake mu boti, alisema neno moja, "bokilo", kama wenye Lingala wanavyoita wakwe, na mwingine alikuja kumupokea ile kazi. Hakuna mutu aliuliza swali.

Wavivu walifurahia sana ile sheria. Mubebaji mumoja wetu, kijana mwenye mabega ya ngombe, kila alipoona mama munene anasimama, alisema, "Bokilo." Kapita akamuvumilia, akamuvumilia, mwisho akamuita mbele yetu.

"Weye uko na bamama mukwe ngapi? Juzi mumoja wa Tchomia, jana mumoja wa Uganda, leo huyu. Na bote banene. Bamama bakonde habazalake mabinti?"

Tulicheka mupaka kamba zikatuponyoka. Kijana akabeba ule mama, na tena akamubebea na magunia yake.

Baadaye nilitumwa Tchomia, kisha Mahagi-Port, chini ya komisera wa ziwa, mukubwa wa serikali juu ya maboti yote, mutu wa suruali yenye kupigwa pasi hata siku ya mvua. Nilimuogopa, halafu nikamupenda. Alinikuta asubuhi moja nikikimbilia boti yenye kuingia, akanishika bega. "Ngabu, angalia maji mbele ya kuangalia boti. Boti itafanya kile maji inataka. Maji, hakuna mutu anaiamuru." Tulisimama pale, tukaangalia namna mawimbi yanavunjika, na ndipo akaniachilia niende. Ile mazoea sikuiacha tena. Hata leo nikivuka barabara ya Bunia naangalia kwanza vumbi inaelekea wapi, na wajukuu wananicheka.

Nilirudi Kasenyi nikiwa kapita mwenyewe. Na hapa nawaambia ile siku moja, juu kazi yangu yote naipimia hapo.

Bibi yangu Dorcas alikuwa na mama ngambo ya ziwa. Wakati watu walikimbia vita, ule mama alivuka na wengine, akabakia Uganda, akalima kashamba ya kuazima. Miaka ikapita. Dorcas alimupigia simu kila juma, na kila juma alilia nyuma ya nyumba akidhani simusikii. Muzee mama alikataa kurudi. Magoti yake yalikuwa yameharibika, na maji aliyaogopa toka ile siku ya kukimbia. Mwisho alikubali, ila kwa maneno yake: "Nitakuja mara moja. Nikishindwa kushuka, narudia na ile ile boti, na musiniite tena." Dorcas alijua mama yake hasemi kitu mara mbili. Mimi pia nilijua.

Boti ilifika muchana na upepo tayari ulikuwa unaamka. Tukaifunga vizuri. Mimi nilijificha nyuma ya magunia ya chumvi, kichwa chini, kama inavyofaa, na kutoka pale ndipo nilitoa amri. Hebu niwazieni, kapita muzima anaongoza bichi akiangalia vidole vya miguu yake.

Nikatuma mubebaji wa kwanza. Nilisikia sauti ya muzee mama, kavu kabisa.

"Weye uko mutu ya nani?"

"Niko mutu ya papa Ngabu, mama. Ni papa yetu ya kazi."

"Anakuita mutoto yake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi uko mukwe yangu. Enda."

Nikatuma wa pili. Maswali ni yale yale, jibu ni lile lile. Wa tatu akajaribu kusema hanijui, lakini watu mu boti wakamucheka na muzee mama akaelewa. Kwa hesabu yake, bichi nzima ya Kasenyi ilikuwa wakwe zake. Na kusema kweli hakukosea. Wale vijana walikula kwangu, walilala kwangu, waliniletea bachumba wao niwaangalie. Ni mimi niliwafanya watoto wangu, sasa nilijifunga kwa kamba yangu mwenyewe.

Dorcas akaingia mwenyewe na kitenge yake, maji mupaka kifuani. "Mama, panda ku mugongo yangu."

"Weye ni kasichana. Utaanguka na tutakufa wawili. Rudi inje."

Nahodha alikuwa mutu muzuri, lakini ule upepo aliuona sawa na mimi. Akaita, "Papa Ngabu, maji inavimba. Muzee mama ashuke sasa ao nageuza naye. Siwezi kuvunja boti juu ya heshima."

Dorcas akakuja nyuma ya magunia, maji yanamutiririka. Hakulia. Alisema polepole tu, "Akirudia leo, sitamuona tena mu hii dunia." Niliogopa. Nilikuwa nimepokea maboti ya watu wengi mu maisha yangu, na ile yenye kubeba mama ya bibi yangu ndiyo ilikuwa inanishinda.

Nikachungulia maji kwa pembeni ya magunia. Mawimbi yalikuwa yanapanda, lakini yalikuja moja kwa moja, hayakupiga ubavu. Na ku muchanga kulikuwa mitumbwi ya wavuvi, imepinduliwa ikauke. Nikawaita wavuvi. Nikawaambia tuisukume mu maji, tuipange ubavu kwa ubavu, toka muchangani mupaka ku kichwa ya boti, na juu yake tulaze mbao.

"Mbao gani?" mumoja akauliza.

Kabla sijajibu, mama mumoja wa samaki, mwenye mudomo mukali kuliko wote pale bichi, akamwaga ndakala zake, wale samaki wadogo wakavu, juu ya turubai. Akainua meza yake. "Hii hapa. Muzee mama wa watu ashindwe kushuka kwa sababu ya meza?" Wengine wakamufuata. Meza zote za soko zikaingia mu ziwa, zinanuka samaki.

Kazi ilikuwa ku kamba. Mutumbwi ukifungwa sana na mwenzake, wimbi likiinua mumoja linakata kamba. Ukifungwa kidogo, mbao inateleza na mutu anaingia katikati. Nilisikiliza maji kwa masikio, kwa kuwa macho yangu yalikuwa chini. Wimbi likipanda, nasema "legeza". Likishuka, nasema "funga". Vijana wakashika ile mapigo. Hata yule wa mabega ya ngombe, wakati ule mwanaume mwenye ndevu, alisimama mu maji, mawimbi yakimupiga mupaka shingoni, akishikilia mutumbwi wa katikati kwa mikono miwili, na hakusema bokilo.

Halafu meza ya kwanza ikalia kwa uzito. Nikajua muzee mama ametoka. Niliona miguu yake tu, kwa chini ya magunia, mbali. Miguu miwili mikavu, bila viatu, juu ya meza za samaki, na miguu ya Dorcas nyuma yake. Akatembea. Akafika katikati, akasimama.

"Nani amepanga hii?" akauliza.

"Ni mukwe wako," Dorcas akajibu.

Akakaza kitenge, akaendelea. Akakanyaga muchanga. Ndipo nikasikia Dorcas analia, ile kulia yenye aliificha nyuma ya nyumba miaka yote, na sasa hakuificha. Mimi pia nililia, nyuma ya chumvi. Sioni haya kuisema.

Abiria wengine, walipoona njia, walikataa kubebwa. Mama mwenye mimba akapita, mufanyabiashara akapita na koti yake, hata mbuzi wakapita kwa heshima zao. Kisha nahodha akasema tufungue, tukafungua, akaondoka mbele upepo haujakasirika kabisa.

Toka siku ile bamama wa samaki walidai ile daraja ya mitumbwi ibakie, hasa kwa wazee na wenye mimba. Seremala mumoja akatengeneza mbao ndefu zenye kamba zake. Wabebaji walinung'unika mwanzoni, halafu wakawa ndio wanaozipanga, na migongo yao ikapona. Mimi nilimaliza kazi yangu pale, nikakabidhi nguzo zangu kwa yule wa mabega, nikapanda kilima kurudi Bunia. Wananiuliza kama nina hamu ya ziwa. Nina hamu nayo, hasa asubuhi. Lakini nasikia vijana wanafunga vizuri, na wengine ni mabinti, na nafurahi. Kufunga boti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mutu ashuke kama anavyotaka kuonekana na watu wa kwao.

Mama mukwe anakaa hapa Nyakasanza, mutaa wetu wa Bunia, ku nyumba ndogo upande wa nyuma mu parcelle yetu, yaani kiwanja chetu. Tunaheshimiana sana. Nikitaka kutoka mu uwanja, nakohoa kwanza, na yeye anaingia ndani. Akitaka kutoka yeye, anakohoa, na mimi najifungia mu saluni, chumba cha kupokea wageni. Dorcas anasema watu wakipita ku barabara wanadhani hapa ni hospitali. Hatujasemezana hata neno moja toka alipofika, na sikuitarajia.

Juzi malaria ilinikamata, nikalala. Asubuhi sikutoka, sikukohoa. Dorcas alikuwa soko. Nikasikia miguu ile inakuja polepole, inaburuza, inasimama karibu na dirisha yangu. Kupitia pazia niliona mugongo wake. Alikuwa amegeukia muhindi wetu wa bustani, ule mumea wa mahindi, na ndio alikuwa anausemesha.

"Weye muhindi," akasema. "Hii nyumba leo haikohoi. Iko nini? Mimi sikuvuka ile maji yote nikuje kukaa mu nyumba yenye kimya."

Nikajikaza, nikakohoa.

"Vizuri," akaambia muhindi, na akaenda kunichemushia uji.