Chembe Mbili na Daftari la Baba

Baba alitengeneza redio katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka mmoja baada ya kumzika Mama, alikuja kwangu Nyamasaria Jumamosi asubuhi, daftari kwapani. Mimi ni mwalimu wa fizikia.

Alikuwa amesikia kipindi kuhusu chembe mbili zilizofungamana: ukipima moja, nyingine hulingana nayo papo hapo, hata ikiwa ng'ambo ya dunia. Alikuwa amechora visanduku viwili, kimoja cha mtu wa hapa, kingine cha mtu wa mbali. Ujumbe ungefika kabla hata mwanga haujafika.

"Haitafanya kazi, Baba," nikamwambia.

"Nieleze. Usinifukuze tu."

Nikachukua sarafu. Nikamweleza kwamba ukipima chembe yako, jibu huja kama sarafu iliyorushwa, na wewe huchagui iangukie upande gani. Yule wa mbali naye huona sarafu zake zikianguka ovyo tu. Hadi mpigiane simu mlinganishe orodha za majibu yenu, hakuna anayejua kwamba zililingana.

"Na nikiilazimisha iangukie upande wa picha?"

"Mfungamano unakatika."

Alifikiri. "Kwa hivyo zenyewe zinalingana, lakini haziwezi kutubebea neno."

Wanafunzi wangu wangechukua wiki mbili kufika hapo. Nikamuuliza alitaka kutuma neno gani la haraka hivyo.

Akasema siku Mama alipofariki, yeye alikuwa Mbita, ng'ambo ya ziwa, kwa rafiki yake. Nilikumbuka. Nilimpigia nikiwa nimesimama nje ya wodi, na kila mara nikaambiwa mteja hapatikani. Alipata habari jioni, alipofika kituoni Kisumu.

"Mwanga hutoka hapa hadi Mbita kabla hujapepesa jicho," nikasema. "Tatizo halikuwa kasi. Simu yako ilikuwa imezima."

Ilikuwa kweli, na nilivyoisema nilijiona mwalimu kupita kiasi. Baba alifungua ukurasa mtupu wa daftari.

"Nyara," akaniita kwa Kijaluo, yaani binti yangu, "alikata roho saa ngapi hasa?"

Hakuwahi kuniuliza. "Saa nane na dakika kumi."

Aliandika, kisha akakaa akihesabu nyuma: saa aliyopanda gari, saa waliyonawa mikono baada ya chakula.

"Tulikuwa tunakula samaki," akasema mwishowe. "Nilikuwa natoa hadithi ya yule kuku wa mchungaji. Nilikuwa nacheka."

"Mama aliipenda hiyo hadithi."

"Aliipenda."

Nikapika ugali na sukuma, tukala bila haraka. Muhula uliofuata nilimwalika aje kuzungumza na kidato cha nne. Alieleza habari ya sarafu vizuri kuliko mimi. Mwanafunzi mmoja alipomuuliza kama ameridhika na jibu la wanasayansi, alisema hapana, ila anaamini ni kweli.